SOMO: Ugonjwa wa Ndani wa Trekta Dogo, na Namna ya Kumdai Aliyeliuza na Aliyeliunda



Lori la kampuni likivunjika njiani, watu huuliza: limevunjika nini? Trekta dogo likivunjika shambani, watu huuliza: nani alikuwa analiendesha? Somo hili latokana na tofauti hiyo. Madereva wengi wa trekta dogo wamekatwa mishahara, wengine wamefukuzwa, kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokuwa kinakufa polepole ndani ya mashine miezi mingi kabla wao hawajapanda kitini. Ugonjwa ulikuwa wa mashine, adhabu ikawa ya mtu.

Tunaposema trekta dogo twakusudia lile la nguvu ya farasi 15 hadi 40 hivi, lenye kiti na magurudumu manne, linalovuta rotaveta au plau ndogo au tela. Kwetu Burundi linafaa sana katika mpunga wa Imbo, katika vitalu, katika bustani za mboga, na hata ndani ya uwanja wa kiwanda kuvuta mizigo. Mengi yanayofika huku ni ya kutoka Japani, Uhindi au Uchina. Mengine ni mapya, lakini mengi yamekwisha kutumika huko yalikotoka, yakateremshwa bandari ya Dar es Salaam, yakapandishwa kwa barabara mpaka kwetu. Yakiugua huletwa Buyenzi. Mafundi wetu wa Buyenzi ni hodari, hilo halina ubishi, lakini fundi huletewa maiti, haletewi mgonjwa. Mgonjwa yuko na dereva kila siku. Kwa hiyo somo hili ni la dereva kwanza, kisha la delege wa wafanyakazi, ndipo la fundi.

Kwa nini ugonjwa hujificha

Lori lina fremu, yaani chuma kirefu cha chini kinachobeba injini na giaboksi. Ukiitoa injini, lori linabaki limesimama. Trekta dogo kwa kawaida halina fremu kama hiyo. Injini yenyewe, nyumba ya klachi na giaboksi vimefungwa pamoja kwa bolti, na hivyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo wa trekta. Mzigo wa mbele, mzigo wa nyuma, mashimo ya njia, vyote hupita katika bolti hizo. Zikilegea hata kidogo, vyuma viwili huanza kusuguana, tundu la bolti linapanuka, na siku moja nyumba ya klachi yapasuka. Siku hiyo huonekana kama ajali ya dakika moja, na bwana mkubwa husema dereva aliligonga.

Lakini bolti inayolegea huacha alama. Kuna vumbi jekundu kama kutu pembeni ya kichwa chake, au oili inayotoka jasho katika kiungo cha injini na nyumba ya klachi, na matope yanashika pale zaidi kuliko kwingine. Pedali ya klachi inabadilika, leo iko juu, kesho iko chini, bila mtu kuigusa. Dereva anayefuta kiungo hicho kwa kitambaa kila asubuhi atajua kama jasho ni la jana au la leo. Anayeosha trekta zima kwa maji mara moja kwa mwezi hatajua kitu. Na trekta lililoongezewa beleshi la mbele la kuzoa udongo, hasa lile lililotengenezwa garaji na si kiwandani, yafaa lichunguzwe bolti hizo kila juma, maana beleshi huongeza mzigo pale pale penye kiungo.

Vumbi

Injini nyingi ndogo za mazutu haziuawi na kazi, zinauawa na vumbi. Hewa hupita katika chujio, kisha hupita katika mpira mnene kuingia kwenye injini. Mpira huo huzeeka kwa joto. Hupasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki, au kamba yake ya chuma hulegea. Tangu hapo injini inavuta hewa isiyochujwa. Chujio liko safi, kila mtu analisifu, na huku injini inakula mchanga wa Imbo wa kiangazi. Ringi na silinda husagika. Haichukui miaka, majuma machache ya rotaveta katika udongo mkavu yanatosha. Baadaye injini inawaka kwa shida asubuhi, inakunywa oili, inatoa moshi wa buluu, nguvu hakuna. Mwenye mashine husema: dereva hakutia oili.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua mpira pale unapoingia kwenye injini, tia kidole ndani, uzungushe. Kidole kikitoka safi, mshukuru Mungu. Kikitoka na vumbi, kuna mlango nyuma ya chujio, utafute mpaka uuone. Pinda mpira kwa mikono miwili huku ukiutazama kwenye mwanga, kwa sababu ufa wa mpira hujifunga ukiwa umenyooka. Kisha andika tarehe na saa za mita. Nitarudi kwenye jambo hili la kuandika, maana ndilo kubwa kuliko yote.

Magurudumu ya mbele

Hapa nataka tukae zaidi, kwa kuwa ugonjwa huu ndio unaowaonea madereva kuliko mwingine wowote.

Trekta dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne lina gia zinazopeleka nguvu mbele. Magurudumu ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi. Kiwanda kimepiga hesabu ya meno ya gia na ukubwa wa mipira, ili ya mbele yavute mbele kidogo tu kuliko ya nyuma, kwa asilimia chache. Kwenye tope tofauti hiyo haidhuru, mpira unateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami au udongo mgumu mpira hauwezi kuteleza. Nguvu hurudi ndani, gia za mbele zinajikaza kama kamba inayosokotwa, mpaka jino linakatika. Ndiyo maana kitabu cha trekta husema: ukipita barabarani, toa mvuto wa mbele.

Hilo madereva wengi wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba ukibadilisha mipira ya mbele kwa mingine ya kipimo tofauti, hesabu yote ya kiwanda imeharibika, na gia zitajikaza hata shambani. Mpira wa trekta ni ghali na ni shida kuupata, kwa hiyo hununuliwa ule unaopatikana. Unaingia vizuri kwenye rimu, unapendeza, na unavunja ekseli ya mbele baada ya msimu mmoja.

Katika shamba moja la mpunga la Imbo, ambalo sitalitaja, dereva aliambiwa atakatwa mshahara kwa sababu gia za mbele zilisagika mikononi mwake. Tulipokwenda na delege hatukuanza kwa kubishana. Tuliomba kitabu cha trekta, tukasoma kipimo cha mipira ya mbele. Kisha tukainama kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa mipira yenyewe. Namba zilikuwa mbali. Fakturi ya mipira ilikuwa ofisini, na aliyetia sahihi si dereva. Makato yaliishia hapo. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa chai, lakini dereva peke yake asingethubutu kuomba kitabu.

Kama kitabu hakipo, kuna njia nyingine ya kupima. Piga alama ya chaki kwenye mpira wa mbele na wa nyuma, upande mmoja. Toa mvuto wa mbele, endesha polepole kwa kunyooka kwenye udongo mgumu, na mwenzako atembee pembeni akihesabu: gurudumu la nyuma likizunguka mara 20, la mbele limezunguka mara ngapi? Andika. Kisha nenda kwenye mchanga au udongo laini, tia mvuto wa mbele, hesabu tena vile vile. Hesabu ya pili yapasa kuzidi ya kwanza kidogo tu. Ikiwa sawa, au imepungua, mipira ya mbele ni midogo mno au imekwisha. Ikizidi sana, ni mikubwa mno. Dalili nyingine ni mipira ya mbele kulika upesi, usukani kuwa mzito wakati wa kukata kona, na mkono wa kutolea mvuto kukataa kutoka mpaka urudi nyuma kidogo.

Maji, na mafuta ya bidoni

Mpunga ni kazi ya maji, na sili za ekseli hazikuumbwa zikae majini milele. Maji yakiingia kwenye giaboksi, oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Lakini ikiwa maji ni machache hayaonekani kwenye kijiti cha kupimia. Liache trekta lilale usiku kucha, na asubuhi kabla ya kuliwasha legeza polepole kifuniko cha chini cha kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Ukiona matone ya maji, funga, andika, na umwambie mkuu wako kwa maandishi.

Juu ya mazutu, kila mtu wa Bujumbura anajua shida tuliyoiona, hasa mwaka 2024, watu wakinunua mafuta ya bidoni na chupa pasipo kujua yametoka wapi. Sehemu za ndani za pampu ya noseli zinazosukuma mafuta hulainishwa na mazutu yenyewe. Mazutu yaliyochanganywa na mafuta ya taa, au yenye maji, huisaga. Na pampu ikifa, jambo la kwanza kiwanda au mwuzaji atakaloandika katika jibu lake ni kwamba mafuta yalikuwa mabaya. Basi dereva afanye hivi: kila mafuta mapya yanapoletwa, ajaze chupa moja ndogo safi ya kioo, aibandike karatasi yenye tarehe na jina la aliyeyaleta, aiweke gizani stoo. Baada ya siku moja maji na uchafu vitaonekana chini ya chupa. Na chupa hiyo ni shahidi asiyesahau.

Mengine nayapitia haraka. Breki za trekta dogo ni mbili, kushoto na kulia. Moja ikilika kuliko nyingine, siku ya kufunga zote mbili mteremkoni trekta litageuka upande na kupinduka, kwa hiyo mzijaribu mahali tambarare, kwa mwendo mdogo. Taa ya oili kwenye dashibodi yapasa kuwaka ukigeuza ufunguo kabla injini haijawaka; isipowaka usifurahi, balbu imekufa na hutaonywa. Klachi: injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage pedali na wewe utazame puli ya mbele ya injini. Ikisogea mbele kwa macho, washa za ndani zinazoshika krenki zimekwisha, na mambo ni mabaya. Wala mtu asiingie chini ya trekta lililoinuliwa na jeki peke yake. Weka magogo.

Daftari

Mgonjwa akienda hospitali bila karatasi, daktari huanza upya. Na mashine ndivyo ilivyo. Aliyeliunda trekta yuko Osaka au Mumbai, hajui shamba lako, hajui jina lako, na hawezi kusikia mlio uliousikia. Anachoelewa ni namba tatu: namba ya mwili wa trekta, namba ya injini, na saa zilizosomwa kwenye mita. Barua isiyo na namba hizo haimlazimu kitu. Anaweza kujibu kwa upole tu.

Kwa hiyo kila trekta liwe na daftari lake, la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza uandikwe zile namba mbili, zilizochongwa kwenye kibati au kwenye chuma chenyewe. Kisha kila siku mstari mmoja: tarehe, saa za mita asubuhi na jioni, jina la dereva, chombo kilichofungwa nyuma, oili au mafuta yaliyotiwa, na lolote la ajabu lililoonekana au kusikika. Tumia maneno ya kawaida. "Mlio kama karanga zinakaangwa upande wa kushoto mbele, nikikata kona" ni maandishi mazuri kuliko "gia mbovu", kwa sababu la kwanza ni ulilosikia, la pili ni hukumu. Dereva asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie, na wote wawili watie alama.

Mabwana wengine hawapendi daftari hilo. Waelezwe kwamba linawafaa wao pia, maana bila hilo hawatapata chochote kwa mwuzaji. Wakikataa, daftari na liwepo hata hivyo, mfukoni mwa dereva.

Nani wa kudaiwa

Hapa wengi hupotea njia. Mfanyakazi si mnunuzi wa trekta, kwa hiyo hawezi kumdai mwuzaji. Mwajiri ndiye anayeweza. Lakini mwajiri mara nyingi hana habari, au anaona ni rahisi kumkata dereva aliye karibu kuliko kumdai mwuzaji aliye mbali. Kazi ya chama ni kumgeuza uso. Walio katika kooperative wana nafuu, wao ni wanunuzi wenyewe na wataandika kwa jina lao.

Sheria yetu ya mikataba, iliyoanza na dekreto ya tarehe 30 Julai 1888 iliyoletwa kwetu wakati wa Wabelgiji na kufuata njia ya sheria ya Ufaransa, yasema mwuzaji hujibu kwa kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza, ikiwa kasoro hiyo inakifanya kisifae kwa kazi yake, au inapunguza kufaa kwake hata mnunuzi asingalikinunua angalijua. Kasoro inayoonekana kwa macho siku ya kununua haimo. Barua yetu itakuwa kwa Kifaransa, na neno la kuandika ni vice caché. Tena sheria yataka mdai asikawie, aanze mapema baada ya kuigundua kasoro. Unaona sasa kwa nini tarehe ya daftari ni mali. Hiyo ndiyo inaonyesha lini iligunduliwa.

Garanti, yaani dhamana ya kiwanda, ni kitu cha pili, kiko juu ya sheria hiyo. Garanti ina muda wake na masharti yake, na mara nyingi haihesabu mipira, vichujio wala klachi. Itazame karatasi yake kabla ya kuandika, uone pia kama inadai huduma ya saa 50 za kwanza iwe imefanywa. Trekta jipya nyingi hudai hivyo, na wengi hupoteza haki yao kwa huduma hiyo moja.

Barua iende kwa mwuzaji, na nakala kwa kiwanda. Mfano wake ni huu:

"Bwana, tunakuarifu juu ya trekta aina ya ……, namba ya mwili ……, namba ya injini ……, tulilonunua kwako tarehe ……, fakturi namba ……. Tarehe ……, mita ikisoma saa ……, dereva aliona oili ikitoka katika kiungo cha injini na nyumba ya klachi. Trekta lilikuwa linavuta ……. Tulisimamisha kazi siku ile ile. Huduma zilifanywa tarehe …… na ……, oili iliyotiwa ni aina ya ……. Kipande kilichopasuka tunacho, hakijachomelewa wala kuoshwa. Tunaomba umlete fundi akitazame mbele yetu kabla ya tarehe ……, na utujibu kwa maandishi. Nakala ya kurasa za daftari na picha zimo."

Ipelekwe kwa mkono, na nakala ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kipande kilichovunjika kisiondoke. Usikubali kichomelewe kwanza "ili kazi iendelee", maana kulehemu kunafuta ushahidi, na fundi wa kiwanda akija atasema uvunjaji ulitokana na kulehemu. Tia oili ya zamani kidogo kwenye chupa safi, uifunge. Mwuzaji akitaka kuchukua kipande, atie sahihi kwamba amekichukua.

Mashine zilizokwisha kutumika, na viwanda vinavyokufa

Wengine watasema: trekta letu ni la mitumba kutoka Japani, tumdai nani? Swali hili limewahi kufika mahakamani Marekani. Wafanyabiashara walikuwa wanaleta huko trekta ndogo za Kubota zilizotumika Japani. Kiwanda kikalalamika, na mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikazuia trekta hizo kuingia. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikakubali uamuzi huo. Sababu kubwa ilikuwa hii: maonyo yake yalikuwa yameandikwa Kijapani, sehemu zake nyingine hazikuwa sawa na za zile zilizouzwa Marekani, na wakala wa huko hakuwa na vipuri wala huduma kwa ajili yake. Kiwanda kilikuwa kinalinda biashara yake, tusijidanganye kwamba kililia kwa ajili ya dereva. Lakini yaliyosemwa juu ya mashine zile ni kweli, na mashine za namna hiyo hiyo ndizo zinazofika kwetu, bila mtu kuzizuia. Ukimwandikia kiwanda juu yake atajibu kwamba hakuiuza Afrika.

Basi kwa mitumba, ulinzi uko kabla ya kununua, na delege katika baraza la kampuni ana haki ya kuuliza. Je, mita ya saa ni ya kweli? Inaweza kukatwa waya. Tazama mpira wa pedali ya klachi. Ukiwa umelika mpaka chuma, na mita inasema saa 400, mita inadanganya. Tazama tundu la kufungia tela kama limekuwa yai. Je, kibati cha namba kipo? Je, maonyo yako kwa lugha gani? Mapatano namba 184 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2001, juu ya usalama katika kilimo, yasema waundaji, waagizaji na wauzaji wa mashine yapasa watoe maelezo ya kutosha na alama za hatari kwa lugha rasmi za nchi inayotumia, na waajiri wahakikishe wafanyakazi wameyapata na kuyaelewa. Kijapani si lugha rasmi ya Burundi.

Hata trekta jipya lina hatari nyingine. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 2015 walifanya mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland, na trekta zake zikaungwa Kibaha chini ya shirika la taifa la NDC. Wakulima walizinunua kwa mkopo, kisha wakalalamika juu ya kuharibika kwake na ukosefu wa vipuri. Mwaka 2021 mahakama ya Poland ikaitangaza kampuni hiyo kuwa imefilisika. Trekta likabaki, deni likabaki, aliyeliunda hayupo. Kwa hiyo kabla ya kununua, kuuliza bei tu hakutoshi. Uliza wakala yuko wapi, ana stoo ya vipuri au ana katalogi tu, na kipande cha pampu kikiagizwa leo kitafika lini Bujumbura.

Na nchi tajiri nako wamegombana. Katika jimbo la Colorado, Marekani, ilibidi itungwe sheria mwaka 2023 ili viwanda vya mashine za kilimo viwape wenye mashine vitabu na vyombo vya kutengenezea. Ikiwa mkulima wa Colorado alihitaji sheria ili apate kitabu, delege wa Imbo asione haya kukiomba.

Juu ya mshahara

Mapatano namba 95 ya mwaka 1949 ya Shirika la Kazi Duniani yasema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Kwetu sheria ya kazi ni ile ya tarehe 24 Novemba 2020. Bwana akisema "nitakukata kwa sababu ya ekseli", dereva asitie sahihi karatasi yoyote siku ile. Amwite delege. Delege aombe vitu vitatu: daftari, kitabu cha trekta, na barua ambayo mwajiri amemwandikia mwuzaji. Mara nyingi ya tatu haipo. Aulize kwa heshima kwa nini haipo. Wasipoelewana, jambo liende kwa inspekta wa kazi, na likishindikana huko, mahakama ya kazi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Trekta la mahali penu lina daftari? Nani analishika, na lilalapo usiku liko wapi?

Someni namba za mipira ya mbele ya trekta lenu, mzilinganishe na kitabu. Kama kitabu hakipo, fanyeni kipimo cha chaki, mlete hesabu mkutanoni.

Kipande cha mwisho kilichovunjika mahali penu kiko wapi leo: stoo, kwa mwuzaji, au kimeuzwa chuma chakavu Buyenzi?